Tabia Njema si Uvumi: Nafasi ya Jirani katika Maombi ya Uraia

*Mazungumzo haya yalitolewa na mtendaji wa kata mstaafu katika mkutano wa hadhara wa wakazi. Yanachapishwa kwa ridhaa yake, ili wale ambao hawakuweza kuhudhuria nao wanufaike.*



Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunadhani ni la maofisa wa Uhamiaji peke yao. Jambo hilo ni sharti la tabia njema kwa mgeni anayeomba kuwa raia wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kata yetu iko jirani na mpaka. Tunao kati yetu watu waliokuja wakiwa vijana, wakalima nasi, wakazika nasi, wakasuluhisha ndoa zetu, na hadi leo bado ni raia wa nchi nyingine. Wengine wamekwisha kuomba uraia, wengine wanakusanya nyaraka zao. Siku moja jina la mmoja wao litasomwa katika kikao, na wewe, jirani yake, utaulizwa: unamfahamuje mtu huyu? Jibu utakalotoa siku hiyo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Nianze na sheria yenyewe. Sheria ya Uraia ya Tanzania ni Namba 6 ya mwaka 1995. Inatambua raia wa kuzaliwa, raia wa kurithi, na raia wa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba na akakubaliwa. Kwa huyu wa tatu, sheria imeweka masharti. Awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla tu ya kuleta ombi lake. Katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe amekaa nchini kwa vipindi ambavyo jumla yake si chini ya miaka 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza kwa kiwango cha kutosha. Awe amechangia, au aonekane kuwa atachangia, katika uchumi, sayansi, teknolojia au utamaduni wa taifa. Awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Na kati ya masharti hayo limo moja fupi kuliko yote: awe mtu wa tabia njema.

Lipo pia suala la mgeni aliyeolewa. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania anaweza kuomba uraia kwa msingi wa ndoa hiyo wakati mume wake akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Yeye hupita katika masharti ya kawaida ya tajnisi. Nalisema hili kwa sababu wapo wakwe zetu wanaodhani kwamba cheti cha ndoa kimekwisha kuwafanya raia. Hakijawafanya. Na vivyo hivyo kibali cha ukaazi, kiwe cha daraja A, B au C, humruhusu mtu kuishi nchini kwa muda ulioandikwa, wala si uraia.

Sasa turudi kwenye yale maneno mawili, tabia njema. Miaka ya mtu inahesabika kwa mihuri iliyomo katika hati yake. Lugha inapimika kwa kumsikiliza mtu akizungumza. Lakini tabia njema inapimwa kwa kipimo gani? Maneno haya ni ya zamani. Yalikuwamo katika sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1914, na nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza ziliyarithi. Hata leo Uingereza huyatumia, na huyatumia hata kwa mtoto aliyefikisha umri wa miaka 10. Sheria yetu sisi haikutoa tafsiri ndefu ya maneno hayo. Haikuweka orodha ya makosa yanayomfungia mtu mlango, wala orodha ya mema yanayomfungulia. Imeacha nafasi ya hekima. Na palipoachwa nafasi ya hekima, ndugu zangu, fitina nayo hupenda kuingia.

Kwa hiyo tabia ya mwombaji hutafutwa kwa njia kadhaa. Polisi hutazama alama za vidole vyake na kumbukumbu za makosa. Uhamiaji hutazama vibali vyake na jinsi alivyoingia nchini. Mwombaji hutakiwa kutangaza nia yake katika gazeti, na tangazo hilo humwita kila mwenye sababu ya kupinga aieleze kwa maandishi yenye saini. Kisha ombi hupitiwa na kamati za ulinzi na usalama za kata, wilaya na mkoa, likafika Makao Makuu ya Uhamiaji, na mwisho likafika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria haimlazimu Waziri kutoa sababu za uamuzi wake.

Naomba mlitafakari jambo hilo la mwisho. Mwombaji aliyekataliwa anaweza asijue kamwe ni neno gani lililomwangusha. Hawezi kulijibu neno asilolisikia. Na neno hilo, mara nyingi, halikuanzia Dodoma. Lilianzia chini, katika kata, kwa watu wanaoishi naye. Ofisa wa makao makuu hamjui mtu huyu. Sisi ndio macho yake, na jicho likiwa na chongo, mwili mzima hujikwaa.

Ndugu wananchi, sitazungumza kana kwamba mimi ni mtu nisiye na doa katika jambo hili. Nitawaeleza lililonitokea nilipokuwa kazini, katika kata ambayo sitaitaja, na kuhusu mtu ambaye sitamtaja jina.

Alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuja na mke wake kutoka ng'ambo ya mpaka, wote wawili wageni, wakafuata taratibu za ukaazi, na watoto wao walikulia mikononi mwetu. Alipokidhi miaka inayotakiwa, aliomba uraia. Ombi lake lilipofika katika kikao chetu, mjumbe mmoja alisema, "Huyu nasikia aliwahi kuhusika na ng'ombe wa wizi." Kikao kikanyamaza. Hakuna aliyeuliza: umesikia kwa nani? Ng'ombe wa nani? Mwaka gani? Kesi ilifunguliwa wapi? Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Nilichukua kalamu, nikaandika: "Mwenendo wake unatiliwa shaka." Maneno manne tu. Niliona nimetenda kwa uangalifu. Nilijiambia kwamba heri kutia shaka kuliko kumpitisha mtu mbaya.

Faili lilikwenda wilayani likakaa. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Yule fundi alikuwa akija ofisini kuuliza, nami nikimjibu kwamba jambo liko ngazi za juu. Halikuwa jibu la uongo, lakini halikuwa jibu la kweli pia.

Siku moja nilikuwa nikipanga majalada ya zamani ya baraza la kata, nikakuta shauri la mpaka wa shamba. Mlalamikaji alikuwa mjumbe yule yule aliyesema habari za ng'ombe. Mlalamikiwa alikuwa fundi wa baiskeli, na fundi ndiye aliyepewa haki. Nikaanza kuuliza niliyopaswa kuuliza mwanzoni. Kituo cha polisi hakikuwa na kumbukumbu yoyote juu yake. Wazee wa kijiji kile walikumbuka kesi ya ng'ombe, lakini mtu aliyehusika alikuwa mwingine, mwenye jina linalofanana na lake, ambaye alikwisha kuhama siku nyingi.

Niliandika barua ya kusahihisha, nikaipeleka wilayani mwenyewe. Namshukuru Mungu, ilipokelewa, na baada ya muda yule fundi aliapa kiapo cha utii akawa Mtanzania. Lakini haki iliyochelewa ilikuwa imekwisha kutoza gharama yake. Sheria inamruhusu Waziri kumpa uraia mtoto wa raia ambaye hajafikisha umri wa miaka 18. Watoto wadogo wa fundi waliombewa kwa njia hiyo. Binti yake mkubwa, katika miaka ile niliyoipoteza mimi, alikuwa amekwisha kuvuka umri. Ikambidi aanze ombi lake mwenyewe, tangu ukurasa wa kwanza, kwa gharama zake. Alifaulu vizuri shuleni, lakini mkopo wa elimu ya juu ni wa Watanzania, naye siku ile hakuwa Mtanzania bado.

Nilikwenda kwa fundi kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika gurudumu la baiskeli yangu, maana nilikwenda nayo ikiwa imepasuka mpira. Hakunilaumu. Aliziba mpira, akaujaza upepo, akaniambia bei. Nilitaka kumwongezea, akakataa. Alipokea malipo yake kamili, si pungufu wala si zaidi, kama siku zote. Ndugu zangu, kama kuna mtu anayetafuta maana ya tabia njema, mimi niliiona siku ile, na ni mimi niliyeandika kwamba inatiliwa shaka.

Basi kutokana na kosa hilo, naomba niwaachie mambo matano ya kuzingatia tutakapoitwa kumshuhudia jirani.

La kwanza: sema ulilolijua mwenyewe. Tunayo methali isemayo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali ya kutahadharisha watu nyumbani, lakini haina nafasi katika kikao cha ushahidi. Kama umesikia kwa mtu, mtaje mtu huyo ili aitwe naye aulizwe. Kama hukumbuki uliyemsikia, basi hujui, na asiyejua ana haki ya kusema, "Sijui."

La pili: taja wakati, mahali na tendo. "Mtu mbaya" si ushahidi. "Mwaka fulani alikamatwa na magendo katika kizuizi fulani" ni jambo linaloweza kuchunguzwa, likathibitika au likakanushwa.

La tatu: kama una ugomvi naye, utangulize. Mwenye shauri la shamba, la deni au la ndoa na mwombaji hazuiwi kusema, lakini akianza kwa kueleza ugomvi wake, kikao kitajua namna ya kuyapima maneno yake. Akificha, atakuwa ametumia muhuri wa serikali kulipiza kisasi.

La nne: usifiche zito kwa sababu ya huruma. Haki ina pande mbili. Kama unajua kwa hakika kwamba mtu huyu huficha silaha, husafirisha watu kwa njia haramu au hutumia nyaraka za kughushi, kunyamaza kwako si ukarimu. Raia mpya atapiga kura nasi, atamiliki ardhi nasi, na watoto wake watalinda mipaka hii. Taifa lina haki ya kujua linampokea nani.

La tano: usipime tabia kwa vitu visivyo tabia. Kabila la mtu si tabia yake. Dini yake si tabia yake. Lafudhi yake, umaskini wake, chama anachokipenda, havikutajwa na sheria. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, mswada wa uraia ulipojadiliwa bungeni, walikuwapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alisimama kuwapinga kwa ukali, na mswada ukapita bila ubaguzi huo. Tusirudishe kwa mlango wa kata kile kilichofukuzwa kwa mlango wa Bunge.

Na tukumbuke kwamba nchi hii imewahi kulipima jambo hili kwa kiwango kikubwa sana. Ndugu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori, wakalima, wakalipa kodi. Baada ya zaidi ya miaka 35, serikali iliwafungulia njia ya tajnisi, na zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa; hati zao zilianza kukabidhiwa mwaka 2014. Wapo pia Wasomali wenye asili ya Kizigua, waliokimbia vita vya Somalia wakarudi katika ardhi ya mababu zao mkoani Tanga, wakapewa makazi Chogo, na wengi wao wakawa raia. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hawa walilishika jembe kwa miongo. Haikuwa vigumu kuieleza tabia yao. Ilikuwa imeandikwa shambani.

Sasa neno kwa ninyi mnaoomba uraia, maana najua baadhi yenu mmo humu.

Semeni kweli katika fomu, hata ile inayouma. Kama uliwahi kuhukumiwa, hapa au kwenu, eleza. Kosa la zamani lililotajwa na mwenyewe linaweza kupimwa pamoja na miaka ya uadilifu iliyofuata. Kosa lililofichwa huzaa kosa la pili, nalo ni la uongo. Sheria inamruhusu Waziri kumnyang'anya uraia mtu aliyeupata kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi. Uraia wa namna hiyo ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha wizi: unaweza kulala ndani yake miaka mingi, lakini hulali usingizi.

Hakikisheni majina yenu yanaandikwa kwa namna moja katika hati zote. Tunzeni vibali vya ukaazi vya miaka yote, hata vilivyokwisha muda, pamoja na stakabadhi za kodi na nyaraka za watoto. Vibali visikatike, maana hesabu ya miaka hutegemea hivyo. Na mfahamu kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Atakayekubaliwa atatakiwa kuukana uraia wake wa awali. Lizungumzeni jambo hilo na jamaa zenu kabla, si siku ya kiapo. Mwenye watoto walio karibu na umri wa miaka 18 asichelewe. Mmekwisha kusikia kisa cha fundi.

Na neno la mwisho ni kwetu sisi tulioshika muhuri, na wale watakaoushika baada yetu. Barua ya utambulisho haiuzwi. Ada ya uraia hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo, wala hailipwi mkononi mwa mwenyekiti, mtendaji au mtu anayejiita wakala. Anayedai "chai" ili aandike kwamba mtu ana tabia njema, amekwisha kuonyesha tabia yake mwenyewe. Mwananchi aliyeombwa rushwa apige simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Na mwombaji naye asijaribu kutoa, maana atakuwa amethibitisha kwa mkono wake kwamba sharti lile fupi hakulitimiza.

Ndugu wananchi, kikao cha kata huchukua saa chache. Jina husomwa, maneno machache husemwa, katibu huandika, kikao huingia ajenda ya madawati au ya barabara. Kwa sisi ni mstari mmoja katika muhtasari. Kwa mtu yule ni maisha yake, na pengine ya mwanawe. Siku hiyo itakapofika, nawaomba ainuke hata mmoja tu kati yenu aulize swali ambalo mimi sikuliuliza: umejuaje?